Askari, Jani na Mgomba: Uhakiki wa Sitiari za Kifo cha Seli na Tiba ya Seli Shina katika Kiswahili cha UKIMWI, kwa Kuitazama Nshamba, Mkoani Kagera

1.0 Utangulizi

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 miongoni mwa watu wazima wa Bukoba mjini, na asilimia 10.0 katika ukanda wa Bukoba vijijini na Muleba, ambamo Nshamba imo. Msiba huo umeelezwa kwa takwimu, kwa masimulizi na kwa sanaa. Makala hii inashughulikia upande wake mmoja unaomhusu mhakiki moja kwa moja, yaani upande wa lugha. Kwa ajili ya ugonjwa huu, Kiswahili kililazimika kwenda mahali ambapo hakikuwa kimezoea kwenda. Kililazimika kumweleza mkulima, mwanafunzi na bibi mlezi wa wajukuu kile kinachotokea ndani ya seli moja ya damu, namna seli hiyo inavyokufa, na namna tiba inavyoweza kuiokoa au kuidhuru.

Kazi hiyo ilifanywa kwa sitiari. Swali la makala hii ni hili: je, sitiari zilizochaguliwa zilimwezesha msikilizaji kuelewa, au zilimfariji tu kwa picha isiyolingana na mwili wake? Hoja kuu ni kwamba sitiari ya vita, ambayo ndiyo iliyotawala, ilifaa kwa kiasi fulani lakini ilificha mambo matatu. Kwanza, seli hushiriki katika kifo chake yenyewe. Pili, dawa inayomzuia adui inaweza pia kuumiza seli za mgonjwa. Tatu, kupona kwa mwili hutokana zaidi na upya unaochipuka kuliko na ushindi. Katika mambo yote matatu, kiungo kinachoamua ni kimoja, nacho ni mitokondria, ambayo katika Kiswahili cha shule hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uhakiki huu unaegemea mawazo mawili. La kwanza ni la George Lakoff na Mark Johnson, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1980 walidai kwamba sitiari si pambo la usemi bali ni njia ya kufikiri na kutenda. La pili ni la Susan Sontag, aliyehakiki lugha ya maradhi mwaka 1978 na kurejea mada hiyo mwaka 1989 kwa kuutazama UKIMWI. Sontag alionya kwamba lugha ya vita humfanya mgonjwa aonekane uwanja wa mapambano, na mara nyingine humfanya aonekane adui.

Hata hivyo, makala hii haikubaliani na Sontag pale anapotamani ugonjwa usemwe bila sitiari. Seli haionekani kwa macho, na kisichoonekana husemwa kwa mfano wa kinachoonekana. Hata istilahi za wanasayansi wenyewe ni sitiari zilizozoeleka mno hata zikasahaulika kuwa sitiari. Kwa hiyo, kigezo kinachotumika hapa ni vipimo vitatu: sitiari inaonyesha nini, inaficha nini, na inamfanya msikilizaji atende nini.

3.0 Sitiari ya Vita na Mipaka Yake

Kabla ya jina rasmi kuenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huu Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kilichohusishwa na biashara ya mpakani. Jina hilo halikueleza mwili. Lilieleza soko, tamaa na safari za wafanyabiashara. UKIMWI lilipokuja kuwa jina rasmi, lilihamisha maelezo kutoka sokoni hadi mwilini kwa njia ya neno moja, kinga. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya kiistilahi. Neno kinga si la vita pekee. Mtu hukinga mvua, hukinga maji ya paa kwa ndoo, hukinga uso kwa kiganja. Lingeweza kutuongoza kwenye picha ya paa au ya kizuizi. Lakini waelimishaji walichagua kulifunga kwenye uwanja wa mapigano: chembe nyeupe za damu zikawa askari wa mwili, virusi vikawa adui, na idadi ya CD4 ikawa hesabu ya jeshi.

Tamthiliya zinazosomwa sekondari ziliimarisha mwelekeo huo. Katika Kilio Chetu, iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation, ugonjwa unawakilishwa na dubwana linaloivamia nchi. Ishara hiyo ina nguvu jukwaani, kwa kuwa inaifanya jamii nzima iwe imevamiwa na hivyo iwajibike kusema na vijana wake. Udhaifu wake ni kwamba dubwana hutoka nje daima. Mtazamaji hapati nafasi ya kujiuliza kinachotendeka ndani ya mwili wa Joti baada ya dubwana kuingia. Orodha ya Steve Reynolds (2006) inachukua njia tofauti. Waombolezaji wanaogopa kwamba barua ya Furaha ina majina ya watu, kumbe ina mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Kwa mbinu hiyo, mtunzi anaondoa macho ya hadhira kwa adui na kuyarudisha kwa mwenendo wa jamii. Lakini hapa pia mwili unabaki kisanduku kilichofungwa: mtu anaambukizwa, kisha anazikwa.

Kwa kipimo cha kwanza, sitiari ya askari inaonyesha jambo la kweli, kwamba mwili una seli zenye kazi ya ulinzi na kwamba kupungua kwake ni hatari. Kwa kipimo cha pili inaficha mengi. Askari huuawa na adui, na msikilizaji anaelewa kwamba kila CD4 iliyopotea imeuawa na kirusi kilichoingia ndani yake. Utafiti hauungi mkono picha hiyo. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba katika tishu za tezi za limfu, zipatazo asilimia 95 ya CD4 zinazokufa ni zile ambazo kirusi kilijaribu kuingia na kushindwa kukamilisha kazi yake. Seli hizo huhisi mabaki ya vinasaba vya kirusi, kisha huwasha zenyewe mwendo wa kujifisha kwa mwako unaoita seli nyingine mahali hapo, nazo zikafa vilevile. Sehemu ndogo iliyobaki, yaani zile zilizoambukizwa kikamilifu, hufa kwa njia nyingine tulivu zaidi. Kwa hiyo, jeshi hili halifi kwa risasi za adui tu. Linakufa kwa sheria zake lenyewe. Sitiari ya vita haina neno la kusema hivyo, isipokuwa uhaini, na hilo lingekuwa tusi kwa mwili wa mgonjwa.

4.0 Jani Linalopukutika: Mitokondria na Kifo cha Seli

Vitabu vya biolojia humweleza mwanafunzi kwamba mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Mitokondria hutumia oksijeni na chakula kutengeneza ATP, ambayo ndiyo nguvu inayoendesha kazi za seli. Lakini ndani yake imehifadhiwa pia protini iitwayo sitokromu c. Ikiwa mahali pake, protini hiyo husaidia uzalishaji wa nishati. Seli inapopata jeraha lisilotibika, utando wa nje wa mitokondria hutobolewa, sitokromu c huvuja, na vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamshwa na kuibomoa seli kwa utaratibu. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1996 na maabara ya Xiaodong Wang nchini Marekani. Kwa maneno mengine, chombo kinachoiwezesha seli kuishi ndicho kinachoshika ufunguo wa kifo chake.

Kifo hicho cha utaratibu huitwa apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuanguka kwa majani au petali. Waandishi wetu hutumia kifo kilichopangwa, au kujiua kwa seli. La kwanza linaibua swali la nani aliyepanga. La pili linabeba uzito wa kimaadili na wa kidini ambao seli haustahili. Kiswahili kina kitenzi kilicho karibu kabisa na asili ya Kigiriki: kupukutika. Majani hupukutika yakiwa yamekamilisha kazi, na mti huendelea kuishi kwa sababu yamepukutika. Makala hii inapendekeza mpukutiko wa seli.

Pendekezo hilo lina mpaka ambao haufai kufichwa. Katika Kiswahili husemwa pia kwamba watu walipukutika, yaani walikufa wengi kwa mfululizo, na Kagera ni mahali ambapo matumizi hayo hayahitaji kufafanuliwa. Anayelitumia neno hili darasani Nshamba ajue kwamba linaamsha kumbukumbu. Hata hivyo, uwili huo unaweza kuwa na manufaa. Kuna mpukutiko unaoulinda mti na kuna mpukutiko unaoumaliza, na tofauti kati ya hiyo miwili ni ya kiasi na ya wakati. Hivyo ndivyo ilivyo katika seli. Mpukutiko ukizidi, kinga hupungua. Ukikosekana, seli zilizoharibika huendelea kuzaana na kuwa saratani.

5.0 Kurefusha, Kufubaza na Maudhi: Lugha ya Dawa

Mpango wa taifa wa kutoa dawa za UKIMWI bila malipo ulianza mwaka 2004. Kiswahili kikazipa dawa hizo majina mawili. La kwanza, dawa za kurefusha maisha, linataja matokeo bila kutaja njia. Aidha, linapendekeza kwamba maisha yalikuwa yamekwisha kukatwa na sasa yanaungwa kipande. La pili, dawa za kufubaza virusi, ni bora zaidi. Kitu kilichofubaa kipo, lakini kimepoteza nguvu yake. Neno hilo linasema kweli kwamba kirusi hakiondoki, na kwa hiyo linaeleza bila hotuba ndefu kwa nini dawa haiachwi. Ni miongoni mwa istilahi bora zilizozaliwa na janga hili, na ni ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kutoka kwenye uwanja wa vita bila kupoteza usahihi.

Tatizo liko kwenye neno la tatu. Madhara ya dawa mara nyingi yameelezwa kwa wagonjwa kuwa maudhi madogo madogo. Katika miaka ya mwanzo, mseto wa dawa uliotumika sana ulikuwa na stavudini. Dawa hiyo huzuia kirusi kunakili vinasaba vyake, lakini huzuia pia kimeng'enya polimerasi gama, ambacho hunakili DNA ya mitokondria. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, iliyo nje ya kiini cha seli, na bila nakala mpya hudhoofika. Neva ndefu za miguuni, zinazohitaji nishati nyingi, huumia mapema: nyayo huwaka moto au hufa ganzi. Mafuta ya usoni na ya miguuni huyeyuka, mtu akabaki na mashavu yaliyobonyea. Kwa wachache, asidi ya laktiki hujaa katika damu na kuua. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache hatua kwa hatua kutumia stavudini kwa sababu ya madhara hayo.

Hapa ndipo sitiari inapogeuka kuwa suala la uhai. Mtu aliyeambiwa kwamba dawa ni silaha inayompiga adui atayaelewaje maumivu mapya ya nyayo? Ndani ya mantiki ya vita ana majibu mawili tu: adui anashinda, au silaha ni mbovu. Jibu la kwanza linamkatisha tamaa, la pili linamfanya aache dawa. Jibu la tatu, kwamba dawa inafanya kazi yake na papo hapo inazinyima seli zake nishati, kwa hiyo aende kliniki akabadilishiwe, halina mahali pa kukaa katika lugha aliyopewa. Kadhalika, mashavu yaliyobonyea yalifanana na dalili ambazo jamii ilikuwa imekwisha kujifunza kuziogopa. Neno maudhi lilifaa kwa kichefuchefu cha wiki mbili. Kwa kuuita hivyo uharibifu wa mitokondria, lugha ilimnyima mgonjwa haki ya kulalamika kwa wakati. Neno madhara lilikuwepo, na ndilo lililostahili.

6.0 Shina la Mgomba: Kuelekea Sitiari ya Upya

Tiba ya seli shina imeleta mtihani mpya kwa lugha. Mwaka 2007 Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU pamoja na saratani ya damu, alipandikizwa mjini Berlin seli shina za damu kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazikuwa na mlango wa CCR5 unaotumiwa na kirusi. Alipona VVU. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uboho, ambao magazeti huuita pia uloto, mwaka 2021. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Watoto wanaozaliwa na selimundu nchini wanakadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayoathirika zaidi. Kwa hiyo, mzazi wa Muleba anaweza kuombwa ridhaa ya tiba ambayo jina lake lenyewe halielewi.

Je, neno seli shina linamsaidia? Linategemea shina analoliwaza. Akiwaza mwembe, shina ni gogo lililosimama, na sitiari inapotea. Akiwaza kibanja cha Wahaya, mambo hubadilika. Mkulima wa migomba anapohesabu mashina hahesabu migomba. Shina ni ukoo mzima uliotokana na chanzo kimoja chini ya ardhi, na kanuni ya shamba ni kuacha mama, mtoto na mjukuu. Mgomba mmoja huzaa mkungu mara moja kisha hukatwa, lakini shina hudumu kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo zilivyo seli shina za damu. Zimetulia ndani ya uboho penye oksijeni haba, na huidhibiti mitokondria yake isifanye kazi kwa wingi, kwa kuwa mwako mwingi wa nishati huzichosha na kuzizeesha. Zinapochipusha seli za kazi, mwako huongezeka. Chembe nyekundu ya damu, kwa upande wake, huitupa mitokondria yake yote inapokomaa. Katika selimundu baadhi ya chembe hizo hubaki nayo, jambo ambalo watafiti wanalihusisha na uharibifu wake.

Mgomba unaeleza pia mpukutiko. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa wilayani Muleba. Ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina zima. Baadaye tafiti za Afrika Mashariki na Kati zilionyesha kwamba bakteria haienei daima katika migomba yote ya shina moja, na kwamba kuukata mapema mgomba mmoja wenye dalili, kwa panga lililosafishwa kwa moto, kunaweza kuliokoa shina. Mkulima aliyefanya hivyo ameelewa kwa mikono yake kwa nini mwili hukubali seli moja ife. Hahitaji askari wala mhaini katika maelezo.

Sitiari hii nayo ina mipaka. Mgomba haukatwi na shina lenyewe bali na mkulima, ilhali seli hujikata. Vilevile, machipukizi hupandwa kwenye ardhi iliyo tayari, lakini uboho mpya hupandwa baada ya ule wa zamani kudhoofishwa au kuondolewa kwa dawa kali zinazoweza kuua. Anayetumia picha ya mgomba asipotaja jambo hilo atakuwa amerudia kosa la maudhi madogo madogo. Tahadhari hii ni ya lazima wakati huu ambapo vidonge na unga huuzwa Afrika Mashariki kwa jina la seli shina. Hakuna seli shina ya damu inayofika ubohoni kwa kumezwa, kama vile hakuna shina linaloota kwa kumwagiwa juisi ya ndizi.

7.0 Faraja kama Hoja

Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) inajitenga na kazi zilizotajwa hapo juu kwa kuifanya faraja kuwa suala la kufikiriwa badala ya kuwa mwisho mtamu wa hadithi. Jina la riwaya linakutana, bila kukusudiwa, na jina la taasisi iliyoanzishwa Nshamba mwaka 1997 kwa ajili ya yatima, Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Mwaka 2003 ilifuata Kwa Wazee, inayowapa wazee fedha ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea wajukuu. Kwa lugha ya shamba, ugonjwa ulikuwa umemkata wa katikati. Shina lilibaki na mama na mjukuu.

Mhakiki anaweza kushawishika kusema kwamba haya ni mambo ya ustawi wa jamii na hayana uhusiano na seli. Mkabala huo unatokana na sitiari ya vita, ambamo asiyepigana hahesabiwi. Mwaka 2012 majaribio kwa panya wenye mapafu yaliyojeruhiwa yalionyesha kwamba seli kutoka ubohoni ziliwasaidia kwa kuzipa seli za mapafu mitokondria zao. Seli hizo hazikuchukua nafasi ya zilizoumia wala hazikumfukuza adui yeyote. Zilimpa jirani nguvu ya kuishi. Lugha yenye nafasi kwa tiba ya namna hiyo ndiyo lugha inayoweza kuona kwamba fedha ya chumvi, sabuni na viatu vya shule ni sehemu ya tiba ya janga.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba sitiari ya askari ilikipa Kiswahili cha UKIMWI mwanzo mzuri lakini haikupaswa kuwa mwisho. Imeficha ushiriki wa seli katika kifo chake, imeficha madhara ya dawa kwa mitokondria, na haina picha ya mwili unaochipuka upya. Mapendekezo ni manne. Kwanza, wanaistilahi wapime mpukutiko wa seli dhidi ya kujiua kwa seli, wakizingatia kumbukumbu ambazo neno hilo hubeba. Pili, maudhi madogo madogo yaachwe kwa yale yaliyo madogo kweli, na madhara yatajwe kwa jina lake. Tatu, seli shina idumishwe kama istilahi, lakini ifafanuliwe kwa shina la mgomba popote mgomba unapojulikana. Nne, watahini wa tasnifu zinazohusu fasihi ya UKIMWI wasiridhike na mtahiniwa anayeorodhesha sitiari. Wamtake aeleze kila sitiari inamfanya mgonjwa atende nini pale nyayo zinapoanza kuwaka.